Barazani Kwetu: Mfinyanzi wa Fumba

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za akiba ya nyumbani, lakini twaomba radhi, maana jambo jingine limetuingilia barazani nalo halikukubali kungoja.

Jioni moja alitujia fundi wa majahazi wa hapa kisiwani, Mkristo mwenzetu wa siku nyingi. Hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni, mikono yake ingali na vumbi la mbao, akasema, "Mwalimu, nimekuja unisaidie kusema hapana." Tukamwuliza, hapana ya nini? Ndipo akatueleza kwamba binti yake, aliyetimiza miaka 18, alisikiwa akiimba arusini huko Kilindoni na watu wa kundi moja la michezo ya kuigiza. Nao sasa wataka afuatane nao miezi mitano, wakicheza na kuimba Kilwa, Lindi, Mtwara, kisha Dar es Salaam. Mama yake yu nusu radhi. Baba hayu radhi hata kidogo. Alisema, "Mwanamke apandaye jukwaani, watu humtazama kama bidhaa sokoni. Nani atamposa?"

Twaungama mbele yenu, wasomaji, kwamba tulimjibu upesi mno. Tulisema, "Haifai," kama mtu afungaye dirisha kwa kuona wingu. Naye akaenda zake ameridhika.

Kesho yake mchana akaja mama mtu, na binti nyuma yake amechukua ukili wa msala alioanza kuusuka. Binti akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," tukaitika, "Marahaba, mwanangu." Akakaa akisuka, hakuinua macho, kisha akauliza, "Mwalimu, Siti binti Saad alikuwa mtu wa namna gani?" Tukajibu kwamba alikuwa mwimbaji wa taarabu wa Unguja, wa zamani. Akauliza tena, "Alianzaje?" Hapo tulinyamaza, maana elimu yetu ilikuwa imekwisha. Mwalimu aliyemkataza mtu njia, naye hajui hata mmoja aliyepita njia hiyo! Basi tukamwomba siku chache, tukatafuta vitabu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini ya Unguja, yapata mwaka wa 1880. Jina lake la kuzaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake asili yake Uzigua. Ndiyo kusema walikuwa miongoni mwa watu wengi ambao damu yao ilifika Unguja kwa njia za biashara tuzijuazo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na mahali pale Mkunazini likajengwa Kanisa Kuu ambalo wengi wenu mmelisali. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria hata mwaka wa 1897. Mtoto huyu alikulia katikati ya miaka hiyo, soko limekwisha kufungwa na utumwa ungali upo, naye akabeba jina lililomwambia kila amwitaye cheo chake. Jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Twalitazama jambo hili kuwa kubwa kuliko nyimbo zake zote, lakini tusitangulie.

Nyumbani kwao walilima na kufinyanga. Mama yake alimfundisha kazi ya udongo, na akina mama wasomao haya wanajua ni kazi gani: kuchimba, kuponda, kukanda, kufinyanga, kuanika, kuchoma, na katika kuchoma chungu kimoja hupasuka na kazi ya siku nyingi ikawa vigae. Kisha ni kubeba kichwani mpaka mjini, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Husimuliwa kwamba alipopita na vyungu vyake aliimba ili kuita wanunuzi, na watu wakamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Hakuenda shule. Hakuna aliyemwona na kusema, huyu atakuwa mtu. Aliolewa, akapata binti, lakini ndoa hiyo haikudumu.

Mwaka wa 1911 aliacha shamba akaja kukaa mjini. Mwaka huo huo Seyyid Khalifa bin Harub alikalia kiti cha Usultani, naye alitawala hata mwaka wa 1960. Ndiye ambaye baadaye Siti aliitwa kuimba mbele yake. Lakini alipoingia mjini hakuwa na jambo la kuitiwa na Sultani. Alikuwa mwanamke wa shamba, hana mume, hana elimu, hana ukoo wa kujivunia.

Hapa yafaa tueleze taarabu ilivyokuwa siku zile, maana asiyeelewa hayo hataelewa ajabu ya mambo. Taarabu ilikuwa ni burudani ya majumba makubwa. Husemwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Misri katika kasri lake na kumpeleka mtu Misri akajifunze. Mwaka wa 1905 mabwana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, wakapiga udi na kanuni na fidla, wakaimba kwa Kiarabu. Walioimba ni wanaume, na waliosikiliza ni watu wa cheo, na wengi katika waliosikiliza walisifu maneno wasiyoyaelewa. (Jambo hilo si la taarabu peke yake, sisi wenyewe tuliokua katika shule za misheni tuliwahi kuimba Kilatini kwa bidii kubwa pasipo kujua tunaomba nini.)

Mtu mmoja wa chama hicho, aitwaye Ali Muhammad, alisikia sauti ya Siti akaona kwamba ni sauti isiyofaa kupotea barabarani. Akamfundisha kuimba kwa mizani, akamfundisha na nyimbo za Kiarabu, na Siti akazishika kwa kusikia na kukariri. Walimu, tafadhalini simameni hapa kidogo. Huyu alikuwa mwanafunzi wa umri wa miaka thelathini na zaidi, asiyejua herufi, mwenye mtoto wa kulea, naye akajifunza kazi ya watu waliosoma. Mara ngapi tumesema juu ya mtu wa miaka ishirini kwamba amekwisha kuwa mti mkavu!

Baada ya hayo alikusanyika na wapigaji wake. Walikuwa Subeit Ambar, na Budda Swedi, na Mbaruk Effandi Talsam, ambaye alikuwa kipofu, na Maalim Shaaban aliyeimba pamoja naye. Walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga zamani mji wa mawe na vibanda vya maskini. Huko Siti alifanya jambo ambalo mabwana hawakulifanya: aliimba taarabu kwa Kiswahili. Mpishi alielewa, mchukuzi alielewa, na mwanamke aliyetoka utumwani jana alielewa. Habari za mjini ziliingia katika nyimbo, hata za mahakamani.

Wimbo mmoja wajulikana mpaka leo kwa jina la Kijiti. Ulitungwa juu ya jambo lililotukia kweli: mwanamke mgeni, aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, alichukuliwa ngomani na mwanamume huyo akauawa. Mwuaji akakimbilia bara. Waliopata adhabu ni wanawake wenyeji waliokuwa pamoja na yule mgeni, kwa shauri la pombe. Siti aliuimba msiba huo waziwazi, kwa jina la mtu, mbele ya watu. Sisi si wapenzi wa kutangaza aibu za watu, na tukiwa barazani twakataza masengenyo. Lakini tumefikiri sana, tukaona kwamba haya hayakuwa masengenyo. Yule mgeni hakuwa na mtu wa kumsemea pale Unguja. Mwimbaji alimsemea.

Sasa msidhani kwamba mji mzima ulimpigia makofi. Alipopata jina, wenye wivu walitunga wimbo wa kumdhihaki, wakamkumbusha kwamba alikuja kutoka shamba na nguo duni na biashara ya vyungu, wakamwuliza tangu lini amekuwa mtu. Walimsema na sura. Dhihaka hii iliimbwa na watoto njiani, nayo husikika hata leo vinywani mwa watu wasiojua ilitungwa kwa nani. Siti hakumpeleka mtu kwa kadhi wala hakurudisha tusi kwa tusi. Alijibu kwa wimbo, akasema kwa maneno yake kwamba si hoja sura wala ukoo, ila aibu ya mtu ni kukosa akili. Tulipofika hapa tulimkumbuka yule fundi na maneno yake ya bidhaa sokoni. Siti aliambiwa hayo na zaidi ya hayo, na aliambiwa hasa na watu ambao usiku walijongea dirishani kumsikiliza.

Safari yake kubwa ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 1928. Kampuni ya santuri ya Kiingereza, ile yenye picha ya mbwa asikilizaye sauti ya bwana wake, ilimwita Bombay pamoja na wapigaji wake, wakavuka bahari. Fikirini mwanamke wa Fumba, ambaye safari yake ndefu ilikuwa Fumba hata mjini, anashuka Bombay kuimba katika chumba kilichofungwa, mbele ya chombo, pasipo mtu wa kuitikia wala kutunza! Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi tu. Taarabu yaweza kuchukua nusu saa, na wasikilizaji wakipendezwa hurudiwa ubeti. Basi ilibidi kuikata na kuibana kama anayetia nguo nyingi katika kasha dogo. Santuri zenyewe zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, nazo zilivunjika kwa kuanguka mara moja, na kwa hiyo chache zimesalia.

Baadaye kampuni za Columbia na Odeon nazo zilitaka sauti yake, hata ikawa tangu 1928 mpaka 1930 yeye na wenzake walikuwa wametia katika santuri nyimbo zaidi ya 200. Alikuwa wa kwanza katika wanawake wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo. Santuri hizo ziliuzwa pwani yote na bara, zikapigwa mikahawani na majumbani, na mtu wa Kisumu au Tabora aliweza kumsikia Siti ingawa hakupata kuiona bahari. Watu walisafiri mpaka Unguja kwa ajili ya kumwona tu.

Siti alikufa tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa kwake Shaaban Robert alikwenda kwake akasikia habari zake kwa kinywa chake, na kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kikatoka mwaka wa 1958. Ndicho tulichokisoma sisi, na twawashauri walimu wakitafute kwa ajili ya madarasa makubwa. Tena mwaka wa 1988 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti.

Na mtoto mmoja aliyekua akimsikia ni Fatuma binti Baraka, watu wamjuaye kwa jina la Bi Kidude, binti wa mwuza nazi wa Mfagimaringo. Huyo ndiye hasa msafiri. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikimbia kuozwa kwa nguvu angali msichana, akazunguka pwani na bara akiimba, miguu mitupu. Uzeeni alipelekwa Ulaya na hata Japani, mwaka wa 2005 akapewa tuzo kubwa ya muziki wa dunia, na alikufa tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye hakuna aliyejua umri wake hasa. Maisha yake yalikuwa na mambo ambayo hatungependa binti zetu wayaige, tumbaku ikiwamo, na hatutayaficha. Lakini aliyemkimbiza nyumbani si jukwaa. Ni arusi asiyoitaka. Wazazi na wafikiri hapo.

Tulipokwisha kusoma tulikwenda wenyewe kwa yule fundi, penye jahazi lake, chini ya miti ambamo popo hulala mchana. Tukamwambia, "Ndugu yangu, siku ile nilikujibu kabla ya kufikiri." Akacheka kidogo, akaendelea kupigilia kalafati. Tukamsimulia habari za Fumba, na vyungu, na Bombay. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: "Huyo Siti, wale wapigaji walikuwa watu wake au alikuwa mtu wao?"

Wasomaji, hatukuwa tumelitazama jambo hilo, nalo ndilo fundo. Siti hakuchukuliwa na kundi la wageni. Alikuwa na wenzake aliowajua, waliokutana nyumbani kwake yeye, tena walikuwa watu wazima wenye heshima zao; mmoja wao aliitwa Maalim wala si bure. Alipokwenda Bombay alikwenda nao. Wala hakwenda akiwa msichana: alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, aliyekwisha kuonja mji na maneno yake. Binti wa miaka 18, anayepanda boti ya Kilindoni kwenda Nyamisati pamoja na watu aliowaona mara moja arusini, hali yake si hali ya Siti. Baba yule, ambaye tulimdhani mkaidi, aliona kwa swali moja tusiloliona sisi katika kitabu kizima.

Lakini nasi tulimwuliza lake. "Umepata kumsikia mwanao akiimba mbele ya watu?" Akasema humsikia akisuka misala na mama yake. Mbele ya watu, hajapata. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Basi na aimbe."

Jumamosi iliyofuata, uani kwao, majirani wakaja, Wakristo na Waislamu, maana hapa Chole uani kwa mtu hakuna dini. Binti akaimba nyimbo tatu za arusi, na ya nne aliyoitunga mwenyewe juu ya dau lililochelewa kutoka Utende hali mgonjwa yumo ndani. Wengi walilijua dau lile. Baba yake aliketi nyuma kabisa, karibu na kisima, na alipokwisha aliondoka pasipo kusema, akaenda kutazama jahazi lake gizani. Mama mtu alitutazama, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Siku ya pili alikuja kwetu akaomba karatasi. Tukaandika pamoja naye barua kwa mkuu wa lile kundi. Aliuliza mambo manne: ni wanawake wangapi wazima waendao katika safari, na je, wamo wenye waume zao, binti atalala wapi katika kila mji, na kwa nani, mshahara ni kiasi gani, na utalipwa kila mwezi au mwisho wa safari, na nani atakayelipa nauli ya kumrudisha siku atakayotaka kurudi, hata ikiwa ni ya kwanza. Binti alikaa karibu akisoma kila mstari, akaongeza la tano kwa mkono wake, kwamba nyimbo alizotunga zitangazwe kwa jina lake.

Jibu limefika juzi kwa boti ya Kilindoni. Wanawake wazima ni wanne, na wawili wamo pamoja na waume zao. Malazi yameandikwa mji kwa mji. Nauli ya kurudi wamekubali, na jina wamekubali. Juu ya mshahara wameandika kwamba "tutazungumza mkifika." Baba amesoma mara mbili, akakunja barua, akaitia mfukoni. Amesema kwamba mtu asiyetaja bei ya mbao kabla ya kupakiwa haziuzi, aziiba, na kwamba binti hatavuka hata kwenda Utende mpaka neno hilo liandikwe. Binti amekubaliana naye, jambo ambalo halikutokea nyumba ile tangu mwezi wa Ramadhani. Barua ya pili imekwenda jana.